Foki Mbili za Damu ya Mzee

Bi Rula hakuwa mtu wa kunywa chai kabla ya kazi, kwa hiyo kikombe alichowekewa juu ya kaunta kilipoa bila kuguswa. Jina hilo alipewa na wenzake katika ofisi ya usalama wa bidhaa kwa sababu ya rula ya chuma ya inchi sita aliyotembea nayo mkobani miaka yote, na yeye hakulikataa. Kwa rula hiyo alikuwa amepima pasi zilizounguza watu, ngazi zilizokatika na vitanda vya watoto vyenye mianya ya kunasa shingo. Leo ilikuwa zamu ya baiskeli.

Mambo yalikuwa hivi. Miezi miwili nyuma, kiwanda kimoja kilitangaza kwamba baiskeli zake za aina fulani zirudishwe madukani zilikonunuliwa, kwa kuwa foki, yaani ule uma wa mbele unaoshika gurudumu, ilikuwa dhaifu shingoni na ingeweza kukatika. Kazi ya duka ilikuwa kutoa foki ya zamani, kufunga mpya iliyoletwa bure na kiwanda, kisha kuikata ile ya zamani kwa msumeno ili isimrudie mtu, na kuvitunza vipande kwenye kreti mpaka vichukuliwe. Foki mpya zote zilikuja nyeusi, kila moja na stika ndogo ya kijani shingoni. Mwenye stika ya kijani alikwenda zake kwa amani.

Baiskeli thelathini na moja zilipita kwenye duka hili, zote zikaandikiwa kadi kwamba ni salama. Moja ilikuwa ya mshonaji wa nguo, na wiki iliyopita ilimkatikia akiteremka mlima. Mwanamke wa watu akavunjika mtulinga na meno mawili. Kiwanda kilipoletewa foki iliyokatika kikajibu kwa mistari sita: chuma ni cha zamani, stika ni ya kijani. Fundi, kilisema kiwanda, alibandua stika kwenye foki mpya, akaibandika kwenye ya zamani, na ile mpya akaipiga bei.

Ripoti ya Bi Rula ilitakiwa mezani kwa mkuu wake saa kumi alasiri. Akiandika kwamba ni udanganyifu, fundi angekwenda mahakamani, na akitoka huko asingeshika tena spana ya mtu yeyote. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na dakika kumi. Muda ulikuwa mwingi kwa mtu anayejua anachotafuta, na Bi Rula alikuwa na desturi ya kujua.

Mwenye duka, mjane ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Duka, alimwekea mbele kadi zote, funguo za stoo na daftari la mapokezi. Fundi alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, na kwa miaka kumi na minne walikuwa wamefanya kazi bega kwa bega. Juzi mjane huyo alimvua aproni mbele ya wateja, akaitundika kwenye msumari nyuma ya kaunta. Bado ilikuwa pale, na Mama Duka alipita karibu nayo bila kuitazama.

“Dada, mimi siwezi kukaa hapa ukimhoji,” alisema, akifunga kifurushi cha nyaya za breki kwenye karia ya baiskeli yake. “Naona aibu. Nikimtazama namwona marehemu. Nazipeleka hizi shuleni, nikirudi uniambie.”

Bi Rula alimruhusu. Alimsikia akigonga kengele mara mbili barabarani kuwatimua kuku wa jirani, kisha akatoka kwenda kumwita fundi.

Alimkuta ameketi juu ya tairi kuukuu kando ya mlango. Watu walimwita Fundi Kimya, na hakuna aliyelazimika kuuliza sababu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema, ila wapelelezi huwa na tafsiri yao: kimya kingi kina kitu kimefichwa. Bi Rula alitoa mkobani foki iliyomwangusha mshonaji, akaifungua kwenye gazeti na kuilaza juu ya benchi la kazi.

“Uliifunga wewe hii?”

“Mimi.”

“Ilikuwa mpya?”

“Ilikuwa na stika.”

“Sikukuuliza stika. Nimekuuliza kama ilikuwa mpya.”

Fundi aliangalia mikono yake, mikono iliyoingia grisi mpaka kwenye mistari. “Ilikuwa na stika,” akarudia.

Jibu la mtu anayekwepa, hilo halikuwa na ubishi. Lakini kukwepa ni kitu kimoja na kuiba ni kingine, na Bi Rula alishaona watu wasafi wakikwepa kama samaki kwa sababu ya jambo dogo lisilohusiana na kesi. Alizungusha macho karakanani. Ukutani iliegemea baiskeli ya fundi mwenyewe, ya aina ileile, na mbele yake foki nyeusi inayong'aa. Moyo wa mpelelezi yeyote ungeruka. Ndiyo hiyo! Foki mpya ya mshonaji, na mwizi wala hakujisumbua kuificha.

Wake haukuruka. Alichutama, akasoma namba iliyogongwa chini ya fremu, akaitafuta kwenye kadi. Ilikuwa kadi namba tatu. Fundi aliipitisha baiskeli yake kwa utaratibu uleule kama mteja mwingine, na akajiandikia kadi. Basi. Njia hiyo ilikuwa fupi, na Bi Rula hakuijutia. Mlango unaofungwa mapema hauleti baridi usiku.

Akaomba aletewe kreti. Walilivuta pamoja kutoka stoo, fundi mbele, yeye nyuma, na kwa saa nzima akapanga vipande sakafuni, shingo upande huu na miguu upande ule. Alihesabu shingo mara mbili. Zilikuwa thelathini na moja.

Hapo alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa na kufikiri kwa sauti, maana ndivyo alivyopenda. Baiskeli moja ina foki mbili katika habari hii, moja inayotoka na moja inayoingia. Moja inaondoka na mteja, nyingine inakatwa. Kadi ni thelathini na moja na shingo ni thelathini na moja. Kama fundi angerudisha foki ya zamani kwa mshonaji na kuuza ile mpya, kreti lingepungukiwa kipande kimoja.

“Halijapungua,” alisema. “Kwa hiyo hakuna aliyeuza kitu. Foki mpya ya mshonaji iko humu ndani, fundi. Imekatwa vipande viwili, na imekatwa na wewe.”

Kwa mara ya kwanza fundi aliinua uso. Alionekana kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba yake ina chumba asichokijua. “Haiwezekani,” alisema. “Mimi siwezi kukata foki mpya.”

“Tutaona.”

Kulikuwa na jambo lililomkera Bi Rula tangu asubuhi, alipoifungua ile foki iliyokatika ofisini. Ilikuwa ya rangi ya damu ya mzee, sawa na fremu ya mshonaji. Chuma kilikuwa cha miaka miwili, lakini rangi iling'aa kuliko ya fremu. Chuma kizee kimevaa nguo mpya. Alitoa kisu kidogo, akakwangua: damu ya mzee juu, damu ya mzee iliyofifia chini yake, kisha ile rangi ya kijivu ya kiwandani inayotangulia zote. Alipiga mstari mfupi daftarini.

Kati ya shingo thelathini na moja, tisa zilikuwa za damu ya mzee. Alizipanga kwenye benchi na kuzikwangua moja baada ya nyingine, kila mara akipima kwa rula sentimita moja tu, asiharibu ushahidi. Ya kwanza ilikuwa na kijivu chini. Ya pili kijivu, na ya tatu, na ya nne. Ya tano kisu kilipita kwenye wekundu na kukuta weusi.

Fundi alitoa sauti kama aliyekanyaga msumari.

“Nyeusi,” alisema Bi Rula. “Na foki nyeusi zilikuwa zipi?”

“Mpya.”

“Nani aliipaka rangi?”

Fundi aligeuza uso. Bi Rula hakumsukuma. Aliendelea na kazi. Ya sita kijivu. Ya saba kijivu. Ya nane, weusi tena.

Hapo sasa Bi Rula mwenyewe alisimama. Alitarajia moja. Ya tisa aliikwangua haraka, ikawa kijivu, lakini hakuwa akiitazama tena. Foki mbili mpya zimekatwa kwa makosa. Moja ilikuwa ya mshonaji. Kwa hiyo kulikuwa na baiskeli nyingine barabarani, wakati huu anapofikiri, yenye foki mbovu na stika ya kijani, na mwenye nayo akiamini imekwisha kutengenezwa.

Alizivamia kadi. Kila kadi ilikuwa na tarehe ya kupokea na tarehe ya kuchukua, na karibu zote zilikuwa za siku moja. Namba kumi na saba, ya mshonaji, ilipokelewa Jumatatu ikachukuliwa Ijumaa. Namba kumi na nane nayo Jumatatu hadi Ijumaa.

“Kufunga foki moja kunakuchukua muda gani?”

“Dakika arobaini.”

“Hizi zilikaa siku nne. Fundi, huu si wakati wa kimya. Mficha uchi hazai. Zilikwenda wapi?”

Naye akasema, na kwa mtu wa kimya yalikuwa maneno mengi. Barua ya kiwanda ilikataza foki mpya isiguswe wala isipakwe rangi. Lakini Mama Duka alipoona foki nyeusi kwenye baiskeli yake ya damu ya mzee alisema imevaa kiatu cha kuazima, akaagiza ipelekwe kwa mpaka rangi, pamoja na ya zamani ya kulinganishia. Mshonaji alikuwepo dukani siku hiyo. Naye, mtu wa rangi na vitambaa, akataka ya kwake ifanyiwe hivyohivyo. Zikaenda foki nne. Zikarudi foki nne, zote nyekundu, mbili zina stika. Akafunga zenye stika, akakata zisizo nayo. Baada ya ajali akaona kwamba akiitaja rangi, duka la shemeji yake lingenyang'anywa kibali. “Kaka aliniachia duka hili nilitunze,” alimaliza. “Sikutaka life kwa mdomo wangu.”

Bi Rula alikuwa amekwisha kuigeuza kadi ya kumi na nane. Kwenye sehemu ya jina la mwenye baiskeli paliandikwa kwa mwandiko mkubwa wa kujiamini: Mwenye duka.

“Kwenda shuleni anapita wapi?” aliuliza, ingawa alijua. Kulikuwa na mlima mmoja tu mjini humo.

Fundi alikuwa tayari na simu sikioni. Simu ya Mama Duka iliita palepale, chini ya kaunta, ikiwa imechomekwa kwenye chaji. Wote wawili waliisikia ikiita. Kisha yule mtu aliyekatazwa kugusa baiskeli yoyote dukani humo aliichukua yake, ile ya foki nyeusi, akairukia bila hata kuikunja suruali, na akatoweka.

Bi Rula alipiga simu shuleni kwa namba iliyoandikwa ukutani. Bawabu alijibu kwamba Mama Duka hajafika, akaahidi kumzuia getini. Kumzuia getini! Geti liko chini ya mlima, na huko mtu hufika akiwa mzima au akiwa hafai. Bi Rula aliogopa, tena aliogopa vibaya, maana ni yeye aliyemruhusu mama huyo aende. Lakini kukaa na kusubiri hakujamwokoa mtu, kwa hiyo alichukua shingo mbili zenye weusi na kwenda kwa mpaka rangi, ambaye kibanda chake kilikuwa nyuma ya ukuta wa duka.

Mzee wa Rangi alikuwa akipuliza mlango wa geti, na waya mrefu juu ya kichwa chake ulikuwa umetundikwa vitanda, viti na fremu za dirisha. Alikuwa mtu wa kujisifu na alikuwa na haki ya kujisifu. Bi Rula alimpongeza kwa zile foki nne, na hilo lilitosha kumfungua. Alieleza kwamba mbili mpya alizipaka mara tatu. Zile za zamani, za kulinganishia, hakuambiwa azifanye kitu, lakini aliziosha kwa mafuta ya taa na kuzipuliza tabaka moja jembamba kufunika mikwaruzo, kwa sababu kitu hakitoki kwake kichafu, watu watasema nini.

“Na zile stika za kijani?”

“Nilizibandua kwanza. Rangi na karatasi hazipatani. Nikazibandika pale kwenye mfuniko wa debe, na kazi ilipokauka nikazirudisha kwa mkono wangu mwenyewe.”

“Ulijuaje zirudi kwenye zipi?”

Mzee alicheka kwa furaha. “Mama, ungeziona siku ile! Zote nne kama ndugu wa tumbo moja. Hata mimi niliyezipaka nisingeweza kukuambia ipi ni ipi.”

Bi Rula alimwacha mzee ayasikie maneno yake mwenyewe, na yalipomfikia, kicheko kilimwishia mdomoni. Alivuta debe akakaa.

“Ulizirudisha kwenye zipi, mzee?”

“Kwenye zile zilizotoka vizuri zaidi,” alisema polepole. “Nilijua mpya ndiyo lazima itoke vizuri zaidi.”

Lakini wekundu juu ya wekundu huiva kuliko wekundu juu ya weusi. Hilo mpaka rangi yeyote analijua, na Mzee wa Rangi alilijua kuliko wote. Alilisahau kwa dakika moja tu, mbele ya kazi aliyoipenda. Bi Rula aliandika maelezo yake, akamsomea, naye akatia sahihi na kuuliza mshonaji yuko hospitali gani.

Ilikuwa saa tisa kasoro dakika tano aliporudi dukani. Alisimama mlangoni akiangalia barabara. Saa tisa na dakika nane wakatokea kwenye kona, na wote walikuwa kwa miguu. Mama Duka alikuwa anasukuma baiskeli ya shemeji yake. Fundi Kimya alikuwa ameibeba ya damu ya mzee begani, kifurushi cha nyaya bado kikiwa kwenye karia, na hakuruhusu gurudumu lake liguse ardhi.

Fundi alikuwa amemkuta juu kabisa ya mlima, mguu mmoja ukiwa kwenye pedali. Mama Duka alichelewa kwa sababu alipita kwanza kwa mshonaji kumjulia hali na kumwomba radhi kwa niaba ya shemeji yake. Huko alikaa muda mrefu, kwa kuwa mshonaji, kwa mdomo wake uliovimba, alikataa katakata kuamini kwamba fundi yule ni mwizi.

Bi Rula alitaka foki ifunguliwe mbele yake. Mama Duka alisema ataita fundi wa duka la mtaa wa pili, mtu asiye na upande. Kisha akaenda nyuma ya kaunta, akaitoa aproni kwenye msumari. Alimvalisha shemeji yake mwenyewe, akamfunga kamba mgongoni kama anavyofungwa mtoto wa shule.

“Fungua wewe,” alisema.

Ilimchukua dakika kumi na mbili. Foki ilipotoka aliifuta shingo kwa kitambaa na kuibana kwenye jiliwa, na wote watatu wakainama. Chini ya stika ya kijani palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Bi Rula aliufuata kwa rula na uzi, akapima mzunguko. Ufa ulikuwa umekula theluthi mbili.

Mama Duka alishika ukingo wa benchi.

“Kumbe ni mimi. Kiatu cha kuazima, kiatu cha kuazima. Mimi ndiye niliyeanza.”

“Ulianza,” alisema Bi Rula, ambaye hakuwa na desturi ya kubembeleza, “na nitaliandika. Duka litapata onyo, na mpaka rangi atatajwa. Fundi atatajwa kwamba aliamini stika na akanyamaza alipotakiwa kusema. Makosa matatu ya watu watatu. Lakini neno udanganyifu halimo, na barua ya kiwanda nitaijibu mwenyewe.”

Aliandika palepale kwenye kaunta, akisukuma kando kile kikombe cha chai baridi, na hakufuta hata mstari mmoja. Nyuma yake alimsikia Mama Duka akisema, kwa sauti ambayo wateja wawili waliokuwa mlangoni waliisikia vizuri, “Shemeji, nilikuita mwongo mbele ya watu. Leo mbele ya watu nasema, mwongo hakuwa wewe. Nisamehe.”

Fundi Kimya alitikisa kichwa kukubali, na kwake hiyo ilikuwa hotuba. Kwa idhini ya Bi Rula aliitia foki mbovu msumeno palepale kwenye jiliwa, akaikata vipande viwili, na kuvitupia kwenye kreti. Kisha akafungua kabati la vipuri vya kiwanda, ambamo zilibaki foki tatu za akiba.

“Ipo nyeusi tu,” alisema.

“Niwekee hiyohiyo,” alijibu Mama Duka.